Mawazo ya kupiga picha za watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kupiga picha za watu, nyuso hasa. Kila nikikutana na wenzangu, wanaoanza kwa wakongwe, maswali huwa ni yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa, mengine hayahitaji zaidi ya mistari miwili.

Mawazo yameniishia. Nianzie wapi?

Anza na mtu, kamera itafuata. Wengi wetu tukikwama tunafungua simu, tunapitia picha mia mbili za watu tusiowajua, halafu tunaizima tukiwa tumechoka kuliko tulivyoanza. Si ajabu. Kila moja ya picha zile ilizaliwa na hali yake. Aliyeipiga alikuwa na dada yake, dirisha linalotazama magharibi, na nusu saa kabla ya mvua. Wewe una nini?

Mimi huchukua karatasi nikaandika mambo matatu: nampiga nani, nampigia wapi, mwanga uliopo ni upi. Kisha najiwekea sharti moja la kujinyima. Leo lenzi moja tu. Au leo sinyanyuki kwenye kiti hiki. Au mtu asiitazame kamera hata mara moja. Ukijinyima namna hiyo akili inaamka, kwa sababu sasa una jambo la kutatua. Ukiwa na uhuru wote duniani utabaki unakuna kichwa.

Mwaka 1948 mpiga picha Irving Penn aliegesha kuta mbili bandia ndani ya studio yake New York, zikakutana na kufanya kona nyembamba, akawa anawaingiza humo watu mashuhuri mmoja mmoja. Msanii Marcel Duchamp alipita humo, na bondia Joe Louis naye. Mwandishi Truman Capote alipiga magoti juu ya kiti, amejifunika koti kubwa kama mtoto aliyevaa la baba yake. Kona haikubadilika, ila kila aliyeingia aliikalia kwa namna yake, na namna hiyo ndiyo ikawa picha. Penn alikuwa na wazo moja. Mengine yote waliyaleta watu.

Nimuulize nini mtu kabla ya kumpiga?

Usimuulize anataka picha ya aina gani. Atakujibu "nzuri tu", na mazungumzo yataishia hapo.

Muulize picha yake gani haipendi, na kwa nini. Jibu litakuonyesha anachokiogopa usoni mwake na upande anaojificha. Muulize kitu gani hatoki nacho nyumbani bila kukigusa mfukoni. Muulize mikono yake hufanya nini siku nzima. Hili la mikono nalipenda kuliko yote.

Niliwahi kumpiga mzee mmoja, fundi saa aliyestaafu. Nilifika na mpango wangu kamili, mwanga wa upande mmoja na kivuli kizito, nimeuchora hadi kwenye karatasi. Tukiwa tunazungumza nikamuuliza, "Mzee wangu, siku hizi mikono inafanya nini?" Akacheka. "Inatafuta kazi, mwanangu." Na kweli haikuwa ikitulia, ilichezea kifungo, ikachezea ukingo wa meza, ikarudi kwenye kifungo. Nikaikunja karatasi yangu. Nikaiweka kamera kwenye tripodi, nikafungua shata (pazia la ndani ya kamera linalopitisha mwanga) kwa nusu sekunde, nikamwomba atulize kichwa tu. Picha ikatoka na uso uliotulia kama jiwe na mikono iliyogeuka ukungu. Mpango wangu wa mwanzo ungenipa picha nzuri ya mzee yeyote.

Kutazama kazi za wengine ni kuiba?

Kunakuwa wizi ukiichukua picha nzima. Ukichukua swali moja kutoka ndani yake, hapo unajifunza.

Tazama taratibu. Kuza macho ya mtu aliye kwenye picha hadi uione nuru ndogo ndani ya mboni: ni mraba, basi huenda lilikuwa dirisha, ni duara, huenda mwavuli wa studio au taa ya pete, ziko mbili, basi kulikuwa na vyanzo viwili. Fuata kivuli cha pua kimeangukia upande gani, na kingo zake ni kali au zimeyeyuka. Angalia kamera ilikuwa kimo gani, cha kitovu, cha macho, au juu ya kichwa. Ukizisoma picha kumi kwa namna hiyo utapata mtaji mkubwa kuliko kuhifadhi elfu moja kwenye simu.

Halafu usitazame wapiga picha peke yao. Michoro ya zamani, jukwaa la maigizo, abiria waliosinzia ndani ya basi. Mwanga wa basi usiku unaonyesha nyuso namna ambayo hakuna studio imeifikia, na ni bure.

Sina studio wala taa. Nitabuni nini?

Uko kwenye kundi zuri sana.

Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya uani, kwa mwanga wa mchana. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye nakshi na matamvua. Alivibadilisha vitambaa hivyo kila baada ya miaka miwili mitatu, na baadaye vikamsaidia kujua picha ipi ni ya miaka ipi. Nakshi za tandiko zikikutana na nakshi za gauni la mteja, mpaka kati ya mtu na ukuta unapotea, uso unabaki ukielea katikati. Na kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja, maana filamu ilikuwa ghali.

Miaka mingi kabla yake kuna Julia Margaret Cameron wa Uingereza. Alipewa kamera na binti yake na mkwewe mwaka 1863, akiwa na miaka 48. Banda la kuku likawa studio, stoo ya makaa ikawa chumba cha giza. Walioketi mbele yake walikuwa watumishi wa nyumbani, ndugu na majirani, pamoja na wageni maarufu waliopita. Fokasi yake (ukali wa picha) ilikuwa laini kiasi kwamba wakosoaji walimcheka. Leo watu wananunua lenzi makusudi ili wapate ulaini ule.

Naye Richard Avedon alipozunguka magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984, alibandika karatasi nyeupe mahali penye kivuli, mtu akasimama mbele yake, basi. Wachimba makaa, wahudumu, watu wasio na makazi, wote kwenye karatasi ileile.

Kwa hiyo tafuta dirisha au kivuli cha ukuta mrefu. Ukitumia dirisha, zima taa zote za ndani, la sivyo shavu moja litakuwa la manjano na jingine la buluu. Mkalishe mtu karibu na dirisha, ukuta wa nyuma uwe mbali: mwanga utamfikia yeye na kuuacha ukuta gizani. Shuka jeupe upande wa pili wa uso litarudisha mwanga. Shuka jeusi litaunyonya, na hili la kuunyonya wengi wanalisahau. Shavu linachongeka, mifupa inaonekana, na hujatumia chochote zaidi ya shuka.

Mwanga mmoja unaweza kutoa picha ngapi tofauti?

Fanya jaribio hili kabla hujaniuliza tena. Usiku, zima taa, mkalishe rafiki kwenye kiti, washa tochi na umzunguke taratibu. Usipige picha yoyote katika mzunguko wa kwanza, tazama tu.

Tochi ikiwa mbele kabisa, uso unakuwa bapa. Ipeleke pembeni na juu kidogo hadi uone pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa kivuli. Huo ndio mwanga ambao wapiga picha wanauita wa Rembrandt, kwa jina la mchoraji wa Uholanzi aliyeupenda. Ipeleke pembeni kabisa, uso unagawanyika nusu kwa nusu. Ishushe chini ya kidevu, mtu anageuka mchawi wa hadithi. Iweke nyuma, unabaki na uzi wa nuru kuzunguka nywele na mabega. Hapo una picha tano, na rafiki hajasogea.

Sasa isogeze mbali na karibu. Kwa chanzo kidogo kama tochi, ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Ndiyo maana ikiwa karibu sana pua inang'aa huku sikio limezama, na ikiwa mbali vyote vinakaribiana. Ukubwa nao una neno lake: chanzo kidogo hukata vivuli kwa kisu, chanzo kikubwa kilicho karibu huvilainisha. Litundike shuka jeupe mbele ya tochi hiyohiyo na utaona.

Baada ya hapo weka kitu njiani. Chujio la jikoni, pazia la kimia, tawi lenye majani, glasi ya maji. Kila kimoja kinaandika kitu tofauti usoni. Glasi ya maji ndiyo inayonishangaza hadi leo, kwa sababu ukiigusa kidogo tu mistari yote inahama.

Picha za watu wenye ngozi nyeusi zinatoka na giza au zimefifia. Nifanyeje?

Lawama za kihistoria zipo. Kwa miaka mingi kadi ambazo maabara zilitumia kusawazisha rangi za filamu zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyingine zikaachwa zijitafutie njia. Kamera za siku hizi ni bora zaidi, lakini kipimo cha mwanga bado kinayumbishwa na ukuta mweupe nyuma ya mtu au shati jeupe. Pimia usoni, kisha uache vitu vingine viende vinakotaka.

Ila kuongeza mwanga peke yake hakutoshi. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao: ile mistari ya nuru kwenye paji, mfupa wa shavu na mdomo wa chini. Mng'ao unategemea pembe. Tumia chanzo kikubwa, kiweke pembeni, umwombe mtu ageuze uso polepole hadi uone nuru inateleza shavuni, hapo mwambie asimame. Mafuta kidogo ya ngozi yanasaidia kuliko poda. Na tafadhali, usiifanye ngozi ya mtu kuwa nyeupe wakati wa kuhariri. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika picha alizojipiga kwa miaka kadhaa chini ya jina Somnyama Ngonyama, alikwenda upande mwingine kabisa: aliongeza utofauti wa mwanga na giza hadi ngozi yake ikawa nyeusi kuliko ilivyo, macho yakabaki yanakutazama kutoka ndani ya weusi ule.

Lenzi gani ni nzuri kwa picha za uso?

Umbali kwanza, lenzi baadaye. Ukisimama sentimita thelathini kutoka usoni, pua inakua na masikio yanakimbia, iwe lenzi ya bei kubwa au simu. Kuanzia mita moja na nusu hivi uso unarudi kama tunavyoujua. Lenzi ya milimita 85 inapendwa kwa sababu inakujazia fremu ukiwa umesimama umbali huo. Lakini ukitaka kichekesho, au mtu anayeonekana kuingia ndani ya chumba chako bila hodi, sogea karibu na lenzi pana.

Mtu akiona kamera anakakamaa. Nimlegezeje?

Mpe kazi. Mtu asiye na kazi mbele ya kamera anabaki na kazi moja tu, kujilinda.

Mpiga picha Philippe Halsman aliwaomba watu maarufu waruke. Ndiyo, waruke juu, na viatu vyao na suti zao. Picha hizo zikawa kitabu mwaka 1959. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akiruka akili yake yote inakwenda kwenye kuruka, na uso wa kujionyesha unadondoka. Mimi siwarukishi sana watu, hasa wazee, ila kanuni nimeichukua. Namwomba mtu afunge macho, avute pumzi, ayafungue nikihesabu tatu. Ile nusu sekunde ya kwanza macho bado hayajavaa chochote. Au namwambia ahesabu kuanzia mia kurudi nyuma kwa kuruka saba saba. Anakunja ndita, anakosea, anacheka. Nataka ule wakati kabla ya kicheko.

Wapo wanaochokoza. Mwaka 1941, huko Ottawa, mpiga picha Yousuf Karsh alimnyang'anya Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, sigara yake nene mdomoni sekunde chache kabla ya kubonyeza. Churchill akamkazia macho kwa hasira, na hasira ile ikawa moja ya picha zinazojulikana zaidi duniani. Usijaribu hili kwa mteja anayelipa. Karsh mwenyewe alikuwa na bahati: Churchill akatulia, akatabasamu, akamruhusu apige nyingine.

Jambo dogo ambalo halisemwi: mtu anakakamaa zaidi ukikaa kimya huku unahangaika na vitufe. Panga kamera yako kabla hajaketi.

Je, ni lazima uso uonekane?

Hapana. Malick Sidibé, mpiga picha mwingine wa Bamako, aliyetunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake huko Venice mwaka 2007, ana mfululizo mzima wa watu waliompa mgongo. Ukitazama kwa muda unajikuta unasoma mabega: nani anajiamini, nani amechoka, nani anajua kwamba anatazamwa.

Unaweza kupiga kisogo na shingo. Mikono pekee. Kivuli cha mtu ukutani, yeye mwenyewe akiwa nje ya fremu. Uso nyuma ya kioo chenye mvuke, kidole kimefuta sehemu ya jicho moja tu. Mtu aliyesimama kati yako na machweo, ukapimia mwanga angani ili abaki umbo jeusi. Katika hili la mwisho mgeuze upande, pua na midomo ionekane, la sivyo utapata picha ya gunia.

Swali la kujiuliza ni kama ndugu yake angemtambua. Akimtambua kwa mgongo, hiyo ni picha yake.

Kuna mbinu zozote za kamera za kuchezea?

Zipo nyingi, na nyingi zinachosha upesi. Nitataja ninazozirudia.

Shata taratibu nimeshaigusa kwa yule fundi saa. Anza na sehemu ya nane ya sekunde kwa mtu anayegeuka, nenda hadi sekunde nzima kwa anayecheza. Ukiongeza flashi katikati ya giza, flashi inamgandisha mtu na mwanga wa kawaida unaacha mkia wa mwendo wake. Iagize flashi iwake mwishoni mwa shata, mkia ubaki nyuma yake. Ikiwaka mwanzoni, mtu anaonekana anarudi kinyumenyume.

Picha mbili ndani ya moja: kamera nyingi zina uwezo huo, na programu za simu pia. Mpige mtu akiwa umbo jeusi mbele ya anga jeupe, kisha piga majani au ukuta wenye mikwaruzo. Picha ya pili itaingia ndani ya umbo na kuliacha anga tupu.

Kipande cha kioo, au hata simu nyingine iliyozimwa, ukikishikilia chini ya lenzi karibu kabisa kinapindua nusu ya picha. Mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ukiuzungusha kwenye lenzi na kuacha tundu katikati, unatengeneza ukungu kando kando. Ukipaka mafuta, yapake kwenye kichujio kilichofungwa mbele ya lenzi. Nasema hivi kwa sababu nilishapaka kwenye lenzi yenyewe. Sitasimulia.

Mbinu ikitangulia mtu, mtazamaji atauliza "umefanyaje?" badala ya "huyu ni nani?" Swali la kwanza likija mara nyingi mno, naipumzisha mbinu hiyo.

Nguo na vitu vya kushika nivichagueje?

Keïta aliweka studio suti, saa, kalamu, redio na hata pikipiki ndogo, wateja wakachagua wanachotaka kuonekana nacho. Muholi alijitengenezea mataji kwa vibanio vya nguo na nyuzi za kusugulia masufuria. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, kwa hiyo vibanio vile havikuwa pambo tu. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kitu kikiwa na sababu ya kuwepo kinazungumza. Ukikiokota kwa kuwa kinapendeza, mtu anashika mwavuli bila mvua na kila mtazamaji anaona hivyo.

Kwa rangi nina kanuni moja ya kivivu: chagua rangi moja ipige kelele na nyingine zote zinyamaze. Au fanya kinyume, mtu, nguo na ukuta viwe vya rangi moja, halafu uone uso unavyojitetea. Maandishi makubwa kifuani yaepuke, macho yatayasoma kwanza.

Sina mtu wa kumpiga. Nitafanyaje mazoezi?

Wewe upo. Mwaka 1839 Robert Cornelius wa Philadelphia aliifungua kamera yake, akakimbia mbele yake, akatulia hadi mwanga ufanye kazi. Ni moja ya picha za kwanza kabisa za uso wa mtu, na aliyemo ni mpiga picha mwenyewe, nywele timtim.

Ila mfano ninaoupenda ni wa Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun, akakulia Nigeria, vita vya Biafra vikamtikisa akiwa mdogo, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, akafungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mchana alipiga wateja. Jioni, kama filamu ilibaki na nafasi chache, alizimaliza kwa kujipiga mwenyewe ili amtumie bibi yake Nigeria. Akavaa miwani mikubwa, suruali pana, akajipanga mbele ya mapazia ya studio. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, alijipiga tena akiwa amejigeuza viongozi na watu mashuhuri, Nelson Mandela na Malcolm X miongoni mwao. Kazi yote hiyo ilichipuka kwenye mabaki ya filamu.

Tega kamera, weka saa ya kujipiga yenyewe, simamisha ufagio mahali utakaposimama ili upate fokasi. Utajifunza pia jinsi kukaa mbele ya lenzi kunavyochosha, na utawahurumia watu wako.

Nataka mradi wa muda mrefu. Wazo gani linadumu?

Lililo jepesi kurudia. Mwaka 1994 mpiga picha Rineke Dijkstra alimpiga msichana mdogo mkimbizi kutoka Bosnia, ameketi kwenye kiti katika kituo cha wakimbizi Uholanzi, miguu haijafika sakafuni. Akarudi kumpiga kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwenye kiti, kwa zaidi ya miaka kumi. Miguu ikafika chini. Nguo zikabadilika, nywele zikabadilika, na katika picha ya 2008 binti yule amepakata mtoto wake. Hakuna mbinu hapo, kuna kiti na kurudi.

Chagua mtu mmoja, mahali pamoja, siku moja ya mwaka. Andika vipimo vyote, kimo cha kamera, umbali, lenzi, kwa sababu utavisahau. Miaka miwili ya kwanza itaonekana haina maana.

Mteja anataka picha ya kawaida tu. Ubunifu wangu niupeleke wapi?

Mpe kwanza ile aliyoiagiza, na uifanye vizuri. Kisha mwambie, "Nipe dakika tano zangu." Hakuna aliyewahi kuninyima. Mara nyingi zile za dakika tano ndizo anazochagua, mara nyingine anazitazama kwa huruma na kuchukua ya kawaida. Vumilia. Mwaka 1946 Arnold Newman alimpiga mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, akamweka mdogo kabisa kwenye kona ya chini, kifuniko cha piano kikachukua karibu fremu yote kama alama kubwa nyeusi ya muziki. Jarida lililomtuma likaikataa. Ndiyo picha yake inayokumbukwa kuliko zote.

Naweza kuiomba akili mnemba inipe mawazo?

Unaweza. Itakupa orodha ndefu ya mambo ambayo tayari yamefanywa na wengi. Mimi huitumia kujua cha kukwepa.

Vipi kuhusu ruhusa?

Omba kabla, si baada. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe naye akisema hataki, basi hataki. Mwonyeshe mtu picha kabla hujaiweka hadharani, hasa ile ya ajabu ajabu uliyoipenda wewe. Ukimpiga akiwa amelia au amechoka, jiulize kama angekufungulia mlango kesho.

Wazo likinijia usiku nalihifadhije?

Liandike kama maagizo, usiliandike kama hisia. "Huzuni ya jioni" halitakusaidia wiki ijayo. "Mtu mlangoni, mwanga uko nyuma yake, mkono mmoja tu umeingia chumbani" litakusaidia.

Mimi mwenyewe sizingatii hili kila mara. Kuna ukurasa kwenye daftari langu wenye maneno matatu tu: bibi, kioo, mlango. Nilipoyakuta miezi kadhaa baadaye sikukumbuka hata chembe nilichokuwa nikiwaza. Nikaenda hivyohivyo kwa jirani yangu, bibi wa makamo ya kuitwa bibi kweli, nikambebea kioo. Akauliza, "Sasa mjukuu wangu, nishike kioo au nishike mlango?" Nikamwambia sijui, bibi. Akatikisa kichwa, akasimama mlangoni, akakishika kioo kwa mikono miwili na kunielekezea mimi. Kwenye picha yuko yeye, amebana midomo asicheke, na ndani ya kioo niko mimi nimechuchumaa, jicho moja nimelifumba.